Kupokezana Pumzi

Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe ya yubile ya miaka 25



Tunamshukuru Mungu kwa miaka 25. Historia yetu imeandikwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, kwa hivyo hatutairudia. Tumeombwa kusema neno kwa vijana wetu walio kazini. Waanzilishi wa kwaya hii walikuwa walimu, wakulima na makarani. Leo safu za tena na besi zina waandishi wa programu na watunza mifumo ya kompyuta, na uchovu wao ni wa aina ambayo tulichelewa kuielewa.

Miaka miwili iliyopita, ndugu yetu mmoja wa tena alianza kuchelewa mazoezini. Baadaye akawa anakuja lakini haimbi, anashika kitabu tu. Kisha akaacha kuja. Baadhi yetu tulisema amepoa kiroho. Wengine tulisema pesa zimemlevya.

Tulipomtembelea, tulimkuta ameketi sebuleni saa nane mchana, mapazia yamefungwa. Wateja wa kampuni yake walikuwa Marekani. Hapa kwetu ikifika saa tatu usiku, California ni saa nne au saa tano asubuhi, kwa hivyo kazi yake ilipamba moto wakati sisi tunafunga milango. Mfumo ukianguka usiku wa manane, simu iliyolia ilikuwa yake. Alituambia kwamba akisikia mlio wa ujumbe, hata ukiwa wa mamake, moyo humwenda mbio.

Kisha akatuonyesha simu. Katikati ya jumbe za kazi zilikuwamo zetu. "Projekta imekataa." "Tutumie video ya Jumapili leo." "Ndugu, ibada haisikiki mtandaoni, fanya haraka." Mmoja tulikuwa tumeutuma saa sita usiku. Tulinyamaza. Tulikwenda kumwonya kwa upole, kumbe sisi tulikuwa mwajiri wake wa pili, tena asiyelipa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii. Halikuiita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana.

Biblia iliijua mapema. Katika 1 Wafalme 19, Eliya ametoka kushinda Karmeli, naye anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Tuangalie alivyotendewa. Malaika hakumwambia aongeze imani. Alimpa mkate na maji, Eliya akalala tena, kisha akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo ya kazi yalikuja baadaye, kule Horebu, na hata huko Mungu alimwonyesha Elisha, ili asidhani amebaki peke yake.

Hata neno yubile, tunalolisherehekea leo, katika Walawi 25 ni mwaka wa kupumzisha ardhi na kuwaacha watu warudi kwao. Na Sheria ya Ajira ya nchi yetu, ya mwaka 2007, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na angalau siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Vijana, msione haya kuzidai.

Wanakwaya tunalijua jambo hili. Wimbo ukiwa na sauti ndefu ya mwisho, hakuna mwenye mapafu ya kuishika peke yake. Mwalimu wetu hutufundisha kupokezana pumzi: huyu akivuta hewa, jirani anashikilia, na msikilizaji haoni pengo. Anayekataa kupumua ili aonekane hodari ndiye anayekatika katikati ya wimbo.

Kwa hivyo tulibadilisha mambo matatu. Mitambo sasa inasimamiwa na watu wanne kwa zamu. Baada ya saa tatu usiku hatuandiki kwenye kikundi cha WhatsApp, isipokuwa kuna msiba au dharura. Na mtu akikosa mazoezi mara mbili, tunampigia kumjulia hali kabla ya kumwandikia faini.

Ndugu yetu alimwona daktari, akazungumza na mshauri, akachukua likizo yake, kisha akamweleza mkubwa wake kwamba zamu za usiku zigawanywe. Haikuwa rahisi, na kipato kilipungua. Ametupa ruhusa kusimulia haya. Hakurudi kwenye mitambo, wala hatujamwomba arudi. Leo amevaa sare nasi, na wimbo wa mwisho ataimba.

Ndugu na dada mnaofanya kazi hizi, kusema "nimechoka" si dhambi. Semeni mapema, kabla sauti haijakatika. Na sisi wengine, tukisikia jirani anavuta pumzi, tushikilie.