Sukari ya Akiba Katika Ini la Mtoto

 

Mtoto ana homa. Jioni amekataa ugali, amekataa hata chai, kisha akalala. Nyanya yake anasema, "Mwacheni apumzike." Wengi wetu tungemwacha. Leo nataka kueleza kwa nini usiku kama huo unaweza kumhatarisha mtoto, na ili tuelewane itabidi tuchungulie ndani ya ini.

Uji, viazi au ndizi anazokula mtoto husagwa tumboni na kutoa sukari iitwayo glukosi. Ubongo huitegemea sukari hiyo usiku na mchana. Baada ya mlo, ini huweka akiba sehemu ya sukari hiyo, kama mahindi ghalani. Akiba hiyo huitwa glaikojeni.

Ghala hili lina vibarua wawili, yaani vimeng'enya viwili. Mmoja huweka, mwingine hutoa. Wakifanya kazi pamoja ni hasara tupu, kwa hiyo mwili huwaongoza kwa alama, kipande kidogo cha fosfati. Njaa ikiingia, wote wawili hubandikwa alama. Hapo mtoaji huamka, na mwekaji hulala. Alama ni ile ile, lakini kila mmoja huipokea kwa namna yake!

Anayebandua alama ni kimeng'enya cha tatu, fosfatasi. Je, yeye hujuaje kwamba mtoto amekula? Sukari yenyewe ndiyo humwambia. Wakati wa njaa, mtoaji aliye macho humzuia fosfatasi asimfikie mwekaji. Chakula kikija, glukosi huingia kwenye ini, humshika mtoaji na kumbadilisha umbo, hata alama yake ikawa rahisi kubanduliwa. Watoaji wakishalala, fosfatasi huwa huru kwenda kumwamsha mwekaji. Edmond Fischer na Edwin Krebs wa Marekani, waliogundua jinsi alama hizi zinavyofanya kazi, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Basi angalieni. Mtoto asipokula, hakuna wa kumfungulia fosfatasi njia. Ghala hutolewa tu, haliwekwi kitu. Mtu mzima mwenye afya hulala na njaa akaamka salama, kwa kuwa ghala lake ni kubwa. La mtoto ni dogo, na ubongo wake unakula sana. Akiwa na malaria, vijidudu navyo vinakula sukari ile ile. Mtoto mwenye utapiamlo huanza usiku ghala likiwa karibu tupu.

Kwa hiyo mtoto mgonjwa aamshwe, alishwe kidogo kidogo, mara nyingi. Anayenyonya anyonyeshwe kila anapotaka, usiku pia. Mkubwa kidogo apewe uji au maziwa kabla ya kulala, na tena usiku wa manane. Najua mama amechoka saa hizo. Baba naye anaweza kushika kijiko.

Ukiona mtoto amelegea, ana usingizi usio wa kawaida, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, au amepata degedege, usingoje kupambazuke. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Ikiwa anaweza kumeza, mnyonyeshe kabla ya kuondoka, au mpe maziwa uliyokamua. Yakikosekana, koroga vijiko vidogo 4 vya sukari, vilivyosawazishwa, katika kikombe cha mililita 200 za maji safi, umpe kama robo ya kikombe hicho. Aliyezimia, au anayetikisika kwa degedege, usimtilie chochote mdomoni, kwa maana kitaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, mwende. Mkifika, mwambie muuguzi saa aliyokula mara ya mwisho, ili damu yake ipimwe sukari mapema.