Maneno Yaliyopimwa: Heshima Yetu kwa Mshairi Abdilatif Abdalla Akitimiza Miaka 70

Hotuba ya kamati ya utunzi wa nyimbo, sherehe za jubilii ya kwaya, Voi, Jumapili 10 Aprili 2016



Katika jubilii hii ya miaka 25 tumepewa dakika chache tuseme neno juu ya utunzi. Tumechagua kulisema kupitia mtu mmoja. Kesho, tarehe 11 Aprili, mshairi Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, anatimiza miaka 70. Si mwanakwaya, wala si wa kanisa letu. Ni ndugu yetu Mwislamu. Hajawahi kusimama mbele yetu na chaki. Lakini sisi tunaowaandikia maneno mnayoyaimba tumejifunza kwake kwa kusoma vitabu vyake, na mwanafunzi mwenye adabu humtaja mwalimu wake.

Tena tunapenda kumtaja akiwa hai. Kwaya huitwa matangani kuliko mahali pengine popote. Tunasimama kando ya jeneza, tunamsifu mtu kwa sauti zote nne, na mwenyewe hasikii hata moja. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na labda ndiyo sababu tunaogopa kumsifu aliye hai. Wazee wa kanisa mtusamehe kwa mfano huo wa tembo! Ila mgema huyu amesifiwa miaka zaidi ya 40, na maji hajatia.

Abdilatif alizaliwa mwaka 1946, akalelewa na mzee wa ukoo wao, Ahmad Basheikh, ambaye naye alikuwa mshairi. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika waraka wa kuihoji serikali ya wakati ule. Aliuita *Kenya: Twendapi?* Kwa swali hilo alishtakiwa, na mwaka 1969 akafungwa miaka mitatu. Alikaa Kamiti na Shimo la Tewa, sehemu kubwa ya kifungo hicho akiwa ametengwa peke yake. Mwaka 1971, yeye akiwa bado ndani, kitabu chake *Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa* kilichapishwa huku nje. Na huko ndani alikuwa akitunga kwa siri, akiandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni.

Sisi wa Voi hatuhitaji kuelezwa jela ni nini, maana Manyani ni jirani yetu, na wazee wanakumbuka ilivyokuwa kambi ya kuwazuilia watu enzi za Hali ya Hatari. Tunajua pia habari ya Paulo na Sila, walioimba gerezani usiku wa manane wakiwa na miguu iliyofungwa. Mwimbaji anaweza kufungwa, na wimbo ukatoka.

Aliachiliwa mwaka 1972. Mwaka uliofuata mashairi yale yalichapishwa katika diwani ya *Sauti ya Dhiki*, na mwaka 1974 diwani ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Angalieni jambo hilo: tuzo ilikuwa na jina la rais yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Yeye wakati huo alikuwa ameshahamia Dar es Salaam. Baadaye alifanya kazi London, kisha akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, hadi mwaka 2011.

Tumejifunza nini kwake?

Kwanza, kupima. Shairi la jadi la tarbia lina mistari minne kila ubeti, mara nyingi kila mstari mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina katikati na mwishoni. Abdilatif alishika sheria hizo hata pale ambapo hakuna mtu angemlaumu kwa kuziacha. Kwa mwanakwaya, mizani si pambo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni ikikosea, neno linageuka. Chukueni neno barabara: mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari, kama hii inayowekwa lami kwenda Taveta, mkazo ukirudi kwenye silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Mtunzi asiyehesabu silabi anaweza kumwambia Mungu jambo ambalo hakulikusudia.

Pili, kushika lugha ya nyumbani. Shairi lake moja linaitwa "N'shishiyelo ni Lilo". Hicho ni Kimvita cha Mombasa, na hakukibadilisha ili afanane na watu wengine. Wasomaji wa Bara walimfuata huko huko kwenye lahaja yake. Basi Kidawida, Kisagalla na Kitaveta visiwe lugha za kupigia pambio moja siku ya mavuno halafu tukazifungia kabatini.

Tatu, kuinua wengine. Hakuridhika na kuandika tu. Amekuwa miongoni mwa wasimamizi wa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanza kutolewa mwaka 2015 kwa waandishi wa riwaya na mashairi. Mabati hayo ni ya kampuni yenye kiwanda pale Mariakani, njiani tunapokwenda Mombasa. Bati linaloezeka nyumba limekuja pia kuwafunika waandishi.

Nne, na hili ndilo zito: kusema kweli hata pale kweli ina gharama. Mwaka ujao, mwezi wa Agosti, ni uchaguzi. Ninyi mnajua jinsi mambo huenda. Mheshimiwa anafika na bahasha, na kwaya inaombwa ichukue wimbo wa sifa, iondoe jina la Bwana mstari wa tatu, iweke jina lake. Kinanda chetu kimechoka, kweli, na bahasha ile ingenunua kipya. Lakini kuna kijana aliyekubali kupoteza miaka mitatu ya ujana wake kuliko kuyauza maneno yake. Sisi tutashindwa kungoja kinanda?

Kwa hiyo kamati imekubaliana, na leo tunatamka mbele yenu ili mtushike kwa neno letu: kwaya hii haitaimba jina la mgombea yeyote, wa chama chochote, katika wimbo wa ibada. Akija tutamkaribisha, tutampa kiti na chai, na tutamwombea. Badala yake tutaendelea kuandika yale ambayo watu wetu wanayalilia: ukame, ndovu wanaomaliza mahindi ya Sagalla kwa usiku mmoja, na familia zinazolima ardhi zisizokuwa na hati yake. Daudi naye alilia katika Zaburi, wala hakuambiwa anyamaze.

Mzee wetu Abdilatif, kama maneno haya yatakufikia huko uliko, pokea heshima ya wanakwaya wa Voi. Mungu akuongezee siku, akupe afya, na wino usikauke. Nanyi wapendwa, tunaomba msimame. Kwaya inakuja mbele kuimba wimbo mpya wa Kidawida, ambao tumeupima silabi kwa silabi, na ambao hauna jina la mtu ndani yake.

Bwana awabariki. Amina.