VYOMBO VYA KUKANDIA MISULI: MANUFAA YAKE NA MIPAKA YAKE

(Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya mkutano wa ukoo wetu, Randburg, Johannesburg)



Wazee wetu watukufu, mama zetu, ndugu zangu wapenzi, na nyinyi vijana mliozaliwa ugenini na leo mnaonana na wenzenu kwa mara ya kwanza:

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama hapa Randburg, sisi tuliotawanyika kutoka Tanga na Mombasa hadi Maskati, Leicester na Toronto. Nawashukuru pia wanakamati kwa kunipa nafasi hii, na zaidi kwa kunipangia kusema kabla ya chakula, kwani baada ya pilau nisingepata msikilizaji.

Wanakamati wameniomba nizungumzie vyombo vya kukandia mwili vinavyoshikwa mkononi. Karibu kila nyumba ya ukoo wetu sasa inacho kimoja, na mara nyingi vijana huwanunulia wazee kama zawadi. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, na nimeifanya katika mji huu kwa miaka mingi. Basi nitaeleza vyombo hivi vinafaa nini na vitumiweje. Kisha nitasimulia jambo lililotokea nyumbani kwangu mwaka 2019, ambalo baadhi yenu mmelisikia nusu. Mwenyewe lililompata ameniruhusu, naye ameketi mstari wa mbele.

KUKANDA NI KWETU

Ndugu zangu, kukanda mwili hatukufundishwa na wageni. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua. Mwenye mgongo huchuliwa kwa mafuta ya nazi au ya ufuta. Chumvi hupashwa moto chunguni, ikafungwa katika kitambaa, ikabandikwa mahali panapouma. Shangazi yetu wa Tanga, ambaye uzee umemzuia kusafiri, amewakanda wanawake wa mtaa mzima kwa zaidi ya miaka 40.

Aliyekwenda ugenini aliiacha mikono hiyo nyuma. Huku mtu anatoka kazini usiku, amepanda ngazi, amefungua mlango wa chumba chake, na bega linamuuma, hana wa kumwambia "nikande hapa". Ndiyo maana naviheshimu vyombo hivi. Vimeundwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake.

VIFUNDO VYA MISULI

Sote tunakijua kifundo. Ukipapasa kati ya shingo na bega unakuta mahali pagumu, na ukipabonyeza maumivu hukimbia hadi kichwani au mkononi. Daktari Mmarekani Janet Travell, aliyekuwa tabibu wa Rais Kennedy katika Ikulu ya Marekani kuanzia mwaka 1961, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuvichunguza vifundo hivi, na mwaka 1983 alitoa kitabu kikubwa juu yake pamoja na mwenzake David Simons. Hata leo wataalamu bado wanabishana juu ya kifundo ni nini hasa. Lakini kinachokileta tunakiona kila siku: kukaa namna moja kwa saa nyingi, kazi ya kurudia rudia, wasiwasi, na usingizi mchache. Fundi cherehani wetu wa Mombasa, dereva wetu wa lori, wauguzi wetu wa Leicester wanaonyanyua wagonjwa, na mhasibu wetu wa Maskati anayeikodolea macho kompyuta, wote mabega yao ni ndugu. Na sisi wa Johannesburg, mji ulio juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai huyakunja mabega kwa baridi tangu alfajiri.

VYOMBO NA MATUMIZI YAKE

Vyombo ni vingi, lakini nitavitaja vitatu.

Cha kwanza ni mpira wa tenisi, nao ndio ninaoupenda kuliko vyote kwa kuwa ni rahisi. Utie ndani ya soksi ndefu, ushike ncha ya soksi, uning'inize mpira nyuma ya bega, kisha uegemee ukuta. Usiuweke juu ya uti wa mgongo. Uweke kando yake, kwenye nyama iliyo kati ya uti na kombe la bega. Ukikipata kifundo, tulia hapo kwa nusu dakika hadi dakika moja huku ukivuta pumzi polepole. Maumivu yawe ya kuvumilika. Ukiona unauma meno, umezidisha.

Cha pili ni fimbo iliyopinda kama ndoano, ambayo ncha yake yenye kirungu hufika mgongoni pasipofikiwa na mkono. Kanuni zake ni zile zile za mpira.

Cha tatu ni mashine ya umeme inayogonga gonga, ile ambayo vijana huiita bunduki. Tumieni kichwa kile laini cha duara na mwendo wa chini kabisa. Msiikandamize, uzito wake wenyewe unatosha. Ipitisheni polepole juu ya nyama, dakika moja au mbili kwa kila msuli, kisha mwache. Msiipitishe juu ya mfupa, mbele wala kando ya shingo, kwapani, kinenani, katika mvungu wa goti, wala tumboni.

Je, inafaa? Mwaka 2020 watafiti wa Graz, Austria, waliipima kwa wanaume 16. Baada ya dakika 5 za kugongwa shavu la mguu, kifundo cha mguu kiliweza kukunjika zaidi kwa nyuzi 5 hivi, na nguvu ya msuli haikupungua. Basi faida ipo, ila ni ya muda. Chombo hukupa nafasi tu. Msuli ukilegea, inuka, zungusha bega, nyosha shingo, tembea, na ubadilishe kiti kinachokuumiza. Asiyefanya hivyo atakanda leo, kesho na keshokutwa, na kifundo kitakuwa pale pale.

Na kuzidisha kuna madhara. Mwaka 2021 jarida la kitabibu lilichapisha habari za mwanamke kijana aliyegongwa kwa mashine kama hii hadi misuli ikaharibika, na sumu yake ikaingia katika damu hata akalazwa hospitali.

Wafuatao wasiitumie mashine kabla ya kumwuliza daktari: wanaomeza dawa za kuzuia damu isigande, waja wazito, wenye mifupa iliyodhoofika, wenye betri ya moyo, na wenye kisukari ambao miguu imekufa ganzi. Huyu wa mwisho nawasihi mumwangalie sana, kwani ataumia bila ya kujua kuwa anaumia.

YALIYONIPATA MWAKA 2019

Sasa nakuja kwenye jambo langu.

Mwaka 2019 kaka yangu mkubwa alikuja kunitembelea kwa basi kutoka Dar es Salaam. Wanaoijua njia ile ya Tunduma, Lusaka, Harare na Beitbridge wanajua kuwa ni siku tatu na zaidi za kukaa kitini. Alifika amechoka lakini mwenye furaha. Kesho yake nilikuwa kazini aliponipigia simu akasema, "Dada, mshipa wa mguu umenikaza, huku kwenye shavu, mguu wa kushoto."

Ndugu zangu, neno "mshipa" katika lugha yetu limebeba mizigo mingi. Msuli ukikaza tunasema mshipa. Neva ikiuma tunasema mshipa. Njia ya damu nayo ni mshipa. Mimi nilisikia msuli, kwa kuwa siku nzima naisikia misuli. Nikamjibu, "Ni uchovu wa safari huo. Mashine iko kabatini, jikande." Nikakata simu, nikarudi kwa wagonjwa wangu.

Nilipofika nyumbani sikuutazama ule mguu. Alisema amejikanda na amepata nafuu kidogo. Siku ya pili akajikanda tena, na ya tatu pia. Mimi, ambaye mgonjwa nisiyemjua siwezi kumgusa kabla ya kumwuliza maswali kumi, sikumwuliza kaka yangu hata moja.

Jioni ya siku ya tatu shangazi alipiga simu kutoka Tanga kumjulia hali mpwawe. Kaka akamtajia mguu kwa kupitia tu. Shangazi akauliza: "Umevimba? Mmoja au yote miwili? Ukiugusa una moto?" Kaka akajibu kuwa ni mmoja, nao umevimba na una moto. Shangazi akasema, "Acha kuukanda. Mpe simu dada yako."

Nilipokea simu. Shangazi hakunikemea. Alisema tu kwamba yeye, mguu wa mzazi ukivimba upande mmoja, haukandi, humpeleka hospitali. Nikapiga magoti, nikakunja suruali ya kaka yangu, nikaona kwa macho yangu nilichopaswa kukiona siku tatu kabla. Na alipoinuka kwenda kuvaa viatu alianza kutweta.

Hospitali walimpima kwa mawimbi ya sauti. Palikuwa na bonge la damu katika mshipa mkubwa wa mguu, na kipande chake kilikwisha kusafiri hadi kwenye mapafu. Alilazwa siku sita, akatumia dawa kwa miezi sita, na Mwenyezi Mungu akamrudisha kwetu. Daktari aliniambia kwamba bonge huenda lingesafiri hata bila ya mashine. Lakini mguu wenye damu iliyoganda haugongwi, na siku tatu zilipotea. Ushauri ule ulitoka kinywani mwangu. Kaka, nimekwisha kukuomba radhi faraghani; leo nakuomba mbele ya ukoo.

DALILI ZA KUKUMBUKA

Nawaomba mkate ukurasa huu mkaubandike mlangoni mwa kabati lenye chombo chenu. Usikande, nenda hospitali, ikiwa:

1. Mguu mmoja umevimba, una moto au unauma kwenye shavu, hasa baada ya safari, upasuaji, kulazwa au kujifungua. Kukiwa na kutweta au maumivu ya kifua, ni dharura.

2. Maumivu ya bega, mkono au taya yamekuja pamoja na kubanwa kifua, jasho au kichefuchefu. Huo waweza kuwa moyo.

3. Mgongo unauma na sehemu za siri zimekufa ganzi, au mkojo umezuilika au unatoka wenyewe, au miguu inalegea.

4. Maumivu yamekuja na homa, au kukonda bila sababu, au hayatulii usiku, au mwenye nayo amewahi kuugua saratani.

5. Shingo imeuma ghafla pamoja na kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili au uso kupinda.

Hapa Afrika Kusini gari la wagonjwa huitwa kwa 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Uingereza ni 999, Kanada ni 911, Omani ni 9999. Kwa walioko Tanga, msingoje gari la wagonjwa. Pandeni gari lolote muwahi Bombo.

SAFARI YA KURUDI

Keshokutwa tutatawanyika tena. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba safari ya saa 4 au zaidi, ya ndege, basi, gari au treni, huzidisha maradufu hatari ya damu kuganda, ingawa hatari yenyewe ni ndogo: kama mtu mmoja kati ya 6,000. Basi msiogope safari, bali jihadharini. Inukeni kila saa moja au mbili. Mkiwa kitini chezesheni nyayo juu na chini. Kunyweni maji. Ambaye amewahi kuganda damu, au amepasuliwa karibuni, au ni mjamzito, amwone daktari kabla ya kupanda chombo.

Nimalizie kwa kusema kwamba sikuja kuwakataza vyombo hivi. Changu bado kiko kabatini na nakitumia. Lakini mkono wa shangazi huuliza kabla ya kukanda, na chombo hakiulizi. Kwa hiyo lazima tuulize sisi. Mzazi wako akikwambia kwa simu kuwa mshipa umemkaza, usimwambie mashine iko wapi. Mwulize ni mshipa gani, umeanza lini, umevimba, una moto? Na ukiwa huna jibu, mpigie mmoja wetu, hata usiku wa manane. Namba yangu mnayo nyote.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama, na atukutanishe tena tukiwa wazima. Amina.