Kuingiza Waya wa Antena Nyumbani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Singida)



Mmetutaka tuseme kidogo juu ya redio ya ridhaa, ndugu yake ile ambayo wazee waliiita simu ya upepo. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na majina ya vituo vya Tanzania huanza kwa 5H, hayo yajulikana. Sisi twataka kusema juu ya mahali waya wa antena uingiapo nyumbani, maana ndipo radi nayo huingilia.

Tulianza vibaya. Waya tuliupitisha dirishani. Mvua za Desemba zilipofika, maji yaliufuata kama mtu afuataye njia ya miguu, yakatua juu ya daftari la kituo. Basi tukatoboa ukuta. Tundu liinamie nje, litiwe bomba la plastiki. Na waya kwanza ushuke chini ya tundu kadiri ya shubiri moja, ndipo upande na kuingia, ili maji yadondoke pale chini. Usikunjwe kwa pembe kali. Pengo lizibwe, mchwa na nge hawaombi leseni. Wenye nyumba za tembe wasitoboe paa kamwe.

Lakini shida yetu kubwa hapa ni ardhi. Vitabu vyasema, pigilia nondo ya shaba ya futi 8. Walioviandika hawakuona mawe ya Singida! Yetu ilishuka futi 2 ikagonga jabali. Tena udongo mkavu wa Septemba haupitishi umeme vyema. Tukachimba mfereji, tukalaza waya mnene wa shaba, tukapigilia nondo fupi kila palipokubali, zote tukaziunga pamoja. Kizuia radi kifungwe nje ya ukuta, na waya wake wa kwenda ardhini uwe mfupi, ulionyooka. Nao hauna budi kuungwa na ethi ya umeme wa nyumba; vikiachwa mbalimbali, nguvu ya radi huweza kupita kati yake kwa njia ya redio, au kwa mkono wa aliyeishika.

Hata hivyo, kizuia radi hakiwezi kulihimili pigo lenyewe. Wingu likitanda juu ya Ziwa Singidani, twaufungua waya, twauacha nje, kabla ya ngurumo ya kwanza. Mwenzetu mmoja alikawia, akisema na mtu wa Japani. Yeye alipona, redio haikupona. Na watoto walikuwa wamelala chumba kile kile.

Bomba, waya na kizuia radi tumevileta. Viko mezani, karibuni mvitazame.