Nani Aogelee na Nani

Msikilizaji, ukitazama fainali ya kuogelea ya daraja la S6 katika Michezo ya Paralimpiki, unaweza kumwona mtu wa kimo kifupi amesimama ukingoni mwa bwawa, jirani yake hana mikono, na wa tatu ana mtindio wa ubongo uliokaza upande mmoja wa mwili. Mwingine hapandi kabisa jukwaani, anaanzia majini. Ishara ya kuanza inalia, wote wanaondoka. Aliyeko nyumbani anauliza, na ana haki ya kuuliza: hawa wamelinganishwa vipi, na ni nani aliyewalinganisha?

Herufi S ni ya kuogelea. Daraja la 1 hadi la 10 ni la ulemavu wa viungo, na namba inavyokuwa ndogo ndivyo ulemavu unavyokuwa mkubwa. La 11 hadi la 13 ni la wasioona na wenye uoni hafifu. La 14 ni la wenye ulemavu wa akili. Kwa wale kumi wa mwanzo, jina la ugonjwa peke yake halimpi mtu daraja. Kinachotafutwa ni kiasi cha nguvu ambacho mwili huo unaweza kukitoa ndani ya maji.

Na hapo kuna hesabu. Katika mfumo uliotumika kwa miaka mingi, mwogeleaji asiye na upungufu wowote angepata pointi 300: mikono 130, miguu 100, kiwiliwili 50, kuruka mwanzoni 10, na kujisukuma ukutani wakati wa kugeuka 10. Kila kiungo kilipimwa na pointi zikapunguzwa. Mwenye pointi kati ya 266 na 285 aliingia S10. Akizidi 285 aliambiwa ulemavu wake ni wa kweli lakini haumpunguzii kasi kiasi cha kutosha, basi arudi akaogelee na wengine. Kauli hiyo ni ngumu kuisikia ukiwa umeishi na ulemavu huo maisha yako yote, lakini lazima mpaka uwekwe mahali fulani.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi naliona kuwa la busara kuliko yote katika mfumo huu. Mtindo wa chura una daraja lake peke yake, SB, kwa sababu katika chura miguu ndiyo inayofanya kazi kubwa. Hapo hesabu ile iligeuka: miguu ilipewa pointi 120 na mikono 110. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na daraja moja katika mtindo huru na jingine katika chura, mwili ukiwa ni ule ule. Husnah Kukundakwe wa Uganda, aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia, aliogelea mita 100 chura katika daraja la SB8 kule Tokyo mwaka 2021. Alikuwa na miaka 14, mdogo kuliko washindani wote wa michezo ile. Ile namba 8 kando ya jina lake ilitokana na watu waliomkagua kiungo kwa kiungo.

Watu hao ni wawili kwa kawaida. Mmoja ni wa tiba, yaani daktari au mtaalamu wa viungo, na mwingine ni wa ufundi wa kuogelea. Wanamlaza mchezaji kitandani, wanapima misuli, wanakunja na kunyoosha maungio, wanapima urefu wa viungo. Kisha wanampeleka majini. Halafu wanamtazama akishindana, kwa sababu mashindano hutoa nguvu ambazo kitanda hakizioni.

Kwenye ndondi mzani unasema kilo, mabishano yanakwisha. Hapa mzani ni macho na mikono ya binadamu, na binadamu hutofautiana. Mwaka 2012, siku chache kabla ya Paralimpiki ya London, mwogeleaji Mmarekani Mallory Weggemann alihamishwa kutoka S7 kwenda S8, akajikuta anashindana na watu wenye ulemavu mdogo kuliko wale aliojiandaa kukutana nao. Alishinda dhahabu ya mita 50 mtindo huru hata hivyo. Lakini wangapi wengine wamehamishwa hivyo, wakamaliza wa saba, na hakuna aliyeandika habari zao?

Kuna pia udanganyifu. Mchezaji anaweza kulegeza mkono makusudi mbele ya wakaguzi ili ashushwe daraja. Aibu kubwa kuliko zote ilitokea Sydney mwaka 2000, timu ya Hispania ya mpira wa kikapu ya wenye ulemavu wa akili iliposhinda dhahabu, kisha ikagundulika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Dhahabu ilirudishwa. Wanamichezo wa kweli wenye ulemavu wa akili, dunia nzima, wakafungiwa mlango: hawakuwepo Athens 2004, hawakuwepo Beijing 2008. Waliruhusiwa kurudi London 2012. Mtu aliyekuwa na miaka 18 wakati ule alirudi ana 30, kama alirudi. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema ukaguzi umezidi ukali.

Ninachokilalamikia ni umbali. Daraja la kimataifa hutolewa na wakaguzi walioidhinishwa, na mara nyingi hutolewa kandokando ya mashindano ya kimataifa. Kijana wa Kigoma au Turkana anahitaji pasipoti, tiketi, kocha wa kumsindikiza na ripoti za hospitali kabla hata hajaulizwa ana kasi gani. Bila daraja, muda wake hauingii kwenye orodha ya dunia. Kenya imemtoa Henry Wanyoike, imemtoa Samuel Muchai, wakimbiaji wasioona waliobeba dhahabu za Paralimpiki. Tunajua vipaji vipo. Hatujui wangapi wamebaki kijijini kwa kukosa watu wawili wa kuwakagua.

Na watu hao tunaweza kuwa nao. Tuna wataalamu wa viungo katika hospitali zetu za rufaa, tuna makocha, tuna waogeleaji waliostaafu. Mtaalamu mmoja akipelekwa kusomea ukaguzi wa madaraja, atawahudumia wanamichezo kwa miaka mingi kwa gharama ya safari moja ya ujumbe wa viongozi. Naziomba kamati za Paralimpiki za nchi zetu, tunapoelekea Los Angeles 2028, ziweke fedha za kuwasomesha wakaguzi kabla ya fedha za sare na za posho. Na nchi za Afrika Mashariki zikubaliane kuandaa mashindano ya pamoja ambayo wakaguzi wa kimataifa wanaalikwa rasmi, ili kijana apate daraja lake Kampala, Nairobi au Dar es Salaam.

Wewe mzazi au mwalimu unayenisikiliza, usingoje kamati. Kama unaye mtoto mwenye ulemavu anayependa maji au mbio, anza faili leo. Omba hospitali ikuandikie jina la hali yake, ilianza lini, na kama ni ya kudumu, kwa sahihi na muhuri wa daktari. Tunza picha za eksirei na matokeo ya vipimo vyote. Kama tatizo ni macho, ripoti ya daktari wa macho isiwe imezidi mwaka mmoja. Kisha mpeleke kwa chama cha michezo cha wilaya yako, uwaombe jina la mhusika wa michezo ya watu wenye ulemavu, na usiondoke pale bila namba yake ya simu.