Kujitoa kwenye Mkopo wa Nyumba Baada ya Ndoa Kuvunjika

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Kata ya Sokon I, Jiji la Arusha



1. Utangulizi

Mama mmoja alifika mbele ya kamati ya mikopo niliyokuwamo, akiomba mkopo wa kupanua biashara yake ya vitenge. Akiba yake ilikuwa safi na wadhamini wake tulikuwa tunawafahamu. Tulipopata taarifa zake za mikopo, tukakuta ana deni la nyumba ambalo marejesho yake yamesimama miezi saba. Alishangaa, kisha akafungua mkoba na kutoa karatasi iliyokunjwa. Yalikuwa makubaliano yaliyoandikwa mbele ya wazee wa pande zote mbili: nyumba na deni lake vinabaki kwa mume, mke anaondoka na watoto na vyombo vyake. Mashahidi wanne walikuwa wamesaini. "Mimi kule nilishatoka miaka mitatu," alituambia.

Nyumba alikuwa ameihama kweli. Kwenye mkopo alikuwa bado yumo, kwa sababu kwenye karatasi ile palikosekana saini moja, ya benki.

Hilo ndilo ninalotaka tuondoke nalo leo. Ndoa ni ya watu wawili, lakini mkopo wa pamoja ni wa watu watatu, na huyo wa tatu hafungwi na makubaliano ambayo hakushirikishwa.

2. Kwanza ujue ulisaini nini

Watu wengi husema "tulikopa wote" bila kujua walisaini kama nani. Nafasi ni tatu.

Ya kwanza ni mkopaji mwenza. Huyu anadaiwa sawa na mwenzake. Kwa misingi ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkopeshaji anaweza kumdai mmoja wao deni lote. Akilipa zaidi ya sehemu yake, ni juu yake kumfuata mwenzake amrudishie.

Ya pili ni mwenza aliyetoa ridhaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinalinda nyumba ya familia isiwekwe rehani bila mwenza kuridhia. Ndiyo maana benki humwita mke au mume asaini hata kama hati ina jina moja. Aliyesaini ridhaa peke yake hadaiwi fedha, lakini amekubali kwamba deni lisipolipwa nyumba inaweza kuuzwa. Huyu hana deni la kujitoa. Kazi yake ni kulinda haki yake katika nyumba, ikiwa ni pamoja na kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili isihamishwe kimyakimya.

Ya tatu ni mdhamini. Talaka haimwachilii mdhamini. Anayemwachilia ni mkopeshaji, kwa maandishi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji wakili wala mahakama. Nenda kaombe nakala ya mkataba wa mkopo na taarifa ya salio, usome jina lako limekaa wapi.

3. Mahakama inaweza nini, haiwezi nini

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama, inapotoa amri ya talaka au mtengano, uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Inaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto, na pia madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Msimwache mtu amwambie mama kwamba hana lake kwa vile rejesho lilikatwa kwenye mshahara wa baba.

Walioishi pamoja bila cheti nao wasikate tamaa. Kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wameoana watu waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Sasa sikilizeni kwa makini. Hukumu ikisema "mume atalipa deni la nyumba", inamfunga mume kwa mke. Haimwondoi mke kwenye mkataba wa benki. Mume akiacha kulipa, benki itawafuata wote wawili, na hukumu itamsaidia mke kumdai mume baadaye. Ni silaha nzuri, lakini haizuii jina lake kuchafuka kwenye taarifa za mikopo wakati huo.

4. Njia za kutoka

*Mmoja kubaki na nyumba.* Benki inampima upya anayebaki, kwa kipato chake peke yake. Ikiridhika, mkataba unaandikwa upya, rehani ya zamani inafutwa, mpya inasajiliwa, na sehemu ya anayetoka katika hati inahamishwa. Tuchukue mfano. Nyumba imethaminiwa shilingi milioni 90, na deni lililobaki ni milioni 48. Thamani halisi ya kugawana ni milioni 42. Wakigawana sawa, anayebaki anabeba deni lote la milioni 48 na kumlipa mwenzake milioni 21. Mtumishi wa umma anayeijua kanuni ya kubakiwa na theluthi moja ya mshahara aanze hesabu hapo, kabla ya kuahidi.

*Mkopo kununuliwa na benki nyingine.* Benki ya sasa ikikataa, nyingine inaweza kulipa deni na kumkopesha anayebaki peke yake. Angalieni riba, gharama za uthamini na adhabu ya kulipa kabla ya muda.

*Mtu mwingine kuingia.* Ndugu au mtoto mkubwa mwenye kipato anaweza kuchukua nafasi ya anayetoka. Lakini naye awe ameelewa kwamba anaingia kwenye deni, si kwamba anatoa msaada wa jina tu.

*Kuuza.* Hakuna anayeiweza nyumba peke yake? Iuzeni wenyewe mapema. Fedha ya mnunuzi iingie benki, deni limalizwe, kilichobaki kigawanywe. Bei mnayotafuta wenyewe kwa utulivu mara nyingi huizidi ya mnada. Kabla ya kuhamisha, ulizeni TRA kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu.

5. Utaratibu ninaoupendekeza

Siku mnapoachana, mwandikie mkopeshaji barua: hali imebadilika, asiongeze mkopo juu ya huu bila saini yako, na taarifa zote zije pia kwenye simu yako. Msiache marejesho yasimame wakati mnabishana. Kama nyumba imepangishwa, na mkopeshaji ameridhia, kodi iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo.

Mkifika kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, kisha mahakamani, lileteni suala la mkopo waziwazi. Ombeni amri iwe na muda: anayebaki akishindwa kumwondoa mwenzake kwenye mkopo ndani ya miezi mliyokubaliana, nyumba iuzwe. Amri isiyo na muda inaweza kumfunga mtu miaka mingi.

Kutoka kumekamilika pale unapokuwa na barua ya mkopeshaji ya kukuachilia na uthibitisho kutoka kwa Msajili wa Hati, na bima ya mkopo haina tena jina lako. Baada ya hapo omba ripoti ya taarifa zako za mikopo uone deni limeondolewa. Benki ikikuzungusha, lalamika kwake kwa maandishi kwanza, kisha Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Arusha. Asiye na uwezo wa wakili atafute watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

6. Wito kwa vikundi

Hapa Sokon I wengi wetu hatukopi mkopo wa nyumba wa miaka 15. Tunajenga chumba baada ya chumba kwa mikopo ya SACCOS na VICOBA, na kiwanja chetu kina mkataba wa mauziano uliosainiwa ofisi ya mtaa. Shida ni ileile. Naomba kila kikundi kifanye mambo matatu: kumweleza kila anayesaini kama ni mkopaji, mwenza aliyetoa ridhaa au mdhamini; kumpa kila mmoja nakala yake; na kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumwachilia mtu ndoa inapovunjika.

Yule mama tulimwandikia barua ya kumsindikiza benki. Mtalaka wake alikuja, wakakubali kuuza, na deni likaisha. Barua ya kuachiliwa ina aya mbili tu. Aliniambia ameiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.