Mchanje Kwanza, Ndipo Umvushe

Msikilizaji, umemkuta mbwa asiye na mwenyewe hapo bandarini Mkoani, Pemba. Mbavu zinahesabika. Umemhurumia, unataka kumpa makao Unguja au bara. Huo ni moyo mwema. Lakini kabla hujampakia chomboni, mchanje kwanza.

Kwa nini? Kichaa cha mbwa hujificha. Mbwa anaweza kuwa nacho wiki kadhaa, huku anakula na kutikisa mkia kama kawaida. Ukimvusha yeye, umeuvusha na ugonjwa. Pemba iliutokomeza kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Ikabidi kazi ianze upya.

Basi, fanya hivi. Usimkamate kwa mikono mitupu. Mwite afisa mifugo. Mbwa achanjwe, nawe uchukue cheti chake. Subiri mwezi mmoja, chanjo ifanye kazi. Kisha omba kibali cha kumsafirisha.

Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje.

Kumbuka, msikilizaji: mchanje kwanza, ndipo umvushe.